Kabla hujasaini na kampuni ya kimataifa, jua walio ndani wanasemaje

Wadogo zangu wa Arusha na Moshi, ofa ikija usisaini kisa jina kubwa, ulizia kwanza.

Glassdoor pitia, ni tovuti ambayo wafanyakazi wanaelezea kampuni zao, watu wanaandika bila majina, ila cheki aliyeandika yuko nchi gani na kitengo gani, maana anayesifia bima akiwa Chicago haongelei ofisi yako ya Njiro, huku bosi ni mwingine na mshahara unapangwa kivingine kabisa. Mimi naamini zaidi mtu aliyeacha kazi hapohapo karibuni, kwa sababu aliye ndani anaogopa kibarua kuota nyasi. Utampataje? Nenda kale mchana kwa mama ntilie wa jirani na ofisi, utasikia mengi, au ingia LinkedIn umtafute, kisha mpigie usimchati.

Usimuulize "kwani pazuri?" atakujibu "pako poa tu." Muulize mshahara unaingia tarehe ngapi, likizo ya mwisho alienda lini (sheria inampa siku 28 kwa mwaka), na michango ya NSSF akiangalia inaingia kweli au inakatwa tu kwenye salary slip.

Halafu vikao na makao makuu, hapa ndo watu wengi wanachoka. Kikao cha saa nne asubuhi New York huku ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kutegemea msimu wao, kwa hiyo ulishaingia saa mbili asubuhi na bado upo hadi giza, unatoka unaanza kugombania daladala ya Usa River. Uliza hayo masaa wanayalipaje. Sheria ya Ajira ya 2004 imeweka masaa 45 kwa wiki, ovataimu angalau mara moja na nusu, ingawa mameneja wa juu hawamo.

Kingine na hiki nasisitiza jamani, uliza aliajiriwa na nani. Wengi wanavaa fulana yenye nembo ya kampuni lakini mkataba ni wa wakala wa ajira, bonasi na bima nzuri wanazisikia tu kwa wenzao wa meza ya pili, inauma sana. HR wakikutumia mkataba, angalia jina la mwajiri ukurasa wa kwanza, likiwa geni kwako piga simu uulize kabla hujashika kalamu.