SOMO: Kijana unayeanza kilimo, panga mambo yako kabla ya kuomba mkopo wa halmashauri

Habari zenu wadau wa kilimo.

Kila ikisikika kwamba mikopo ya asilimia 10, ile ambayo halmashauri huwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imefunguliwa, vijana wanamiminika halmashauri wakiwa na wazo kichwani na nakala ya kitambulisho mkononi. Wengi wanarudi mikono mitupu na kusema fedha zile zina wenyewe. Upendeleo upo, sitabisha. Lakini maombi mengi ya kilimo yanakwama kwa sababu yameanzia mwisho. Serikali imeweka misaada kadhaa kwa mkulima anayeanza, na kila mmoja unautegemea mwingine. Ukiifuata kwa mpangilio, hata mkopo ukichelewa bado utakuwa unalima. Somo hili ni la Tanzania Bara.

Hatua ya kwanza: ujulikane kijijini kwamba wewe ni mkulima

Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa ujiandikishe kwenye daftari la wakulima wa ruzuku. Mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa Nane Nane ya 2022 pale Mbeya, na baadaye mbegu za mahindi zikaingizwa. Unaandikisha jina, simu, zao na ukubwa wa eneo unalolima, kisha unapata namba yako ya kununulia pembejeo kwa wakala. Eneo utakaloandikisha ndilo linaloamua mifuko unayostahili, kwa hiyo usitaje ekari moja kwa aibu wakati unalima tatu, wala usitaje kumi ambazo hazipo. Hakikisha laini ya simu ni yako na imesajiliwa kwa jina lako. Wapo wanaoandikisha laini ya rafiki, msimu ukifika rafiki kahama na ujumbe wa namba unaingia kwake.

Hapo hapo muulize mtendaji bwana shamba au bibi shamba wa kata ni nani. Mtafute na umpeleke shambani. Huyo ndiye atakayeulizwa kama mradi wako ni wa kweli.

Hatua ya pili: shamba liwe na maelezo

Hapa ndipo vijana wengi tunapoumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji, lakini haiwezi kuigawa bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Mwenyekiti akikukatia eneo peke yake, hata akikupa karatasi yenye muhuri, hujapata ardhi. Omba kwa maandishi, kisha fuatilia hadi ombi lako lisomwe mkutanoni na liingie kwenye muhtasari. Baada ya hapo omba nakala ya huo muhtasari.

Kijiji chenye cheti cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi kinaweza kukupatia hati ya hakimiliki ya kimila. Ukiipata umefika mbali. Usipoipata, mkataba wa kukodi unatosha kuanzia, ila uandikwe vizuri: mipaka, ukubwa, kodi, muda, majina ya pande zote na mashahidi, usainiwe mbele ya mtendaji. Muda uwe mrefu kuliko muda wa mkopo utakaouomba. Nimeona kikundi kimekodi bustani ya kumwagilia kwa mwaka mmoja, nyanya zikakubali, na mwenye shamba alipoona gari la mnunuzi limeingia akalitaka shamba lake msimu uliofuata. Deni likabaki kwa vijana, pampu haina pa kufungwa.

Hatua ya tatu: kikundi

Mkopo wa halmashauri hutolewa kwa vikundi. Msingi wake ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine havipo kabisa, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya wenye uhakiki mkali zaidi, na halmashauri 10 zikateuliwa kuutoa kupitia benki kwa majaribio. Ndiyo maana siku hizi unaulizwa maswali mengi.

Kusanyeni watu wasiopungua watano mnaojuana kwa kazi. Andikeni katiba yenu wenyewe. Ile ya kunakili stationery mtaumbuka nayo mkiulizwa ibara ya mgawanyo wa faida inasemaje. Sajilini kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, fungueni akaunti, na wekeni akiba kidogo kidogo kabla ya kuomba chochote. Akaunti yenye mzunguko wa miezi sita inawasemea vizuri.

Hatua ya nne: andiko na kalenda

Hapa nitakaa kidogo, maana hata kikundi chenye kila karatasi kinaweza kuangukia hapa.

Andiko la mradi lisiwe risala. Wajumbe wa kamati inayopitia maombi ya mkopo wanataka kujua maji yanatoka wapi, nani ananunua, na lini mtaanza kurejesha. Tuchukue nyanya za kumwagilia. Kitaluni miche inakaa wiki tatu hadi nne. Ukihamishia shambani, mchumo wa kwanza unakuja baada ya miezi miwili na nusu hivi, kutegemea mbegu na baridi. Maana yake fedha ikiingia leo, na kila kitu kikienda sawa, shilingi ya kwanza mtaiona baada ya miezi mitatu hadi minne. Ukiandika kwamba mtaanza kulipa mwezi wa pili, umesaini kulipa deni kwa fedha ya mkopo huo huo. Chora jedwali la mwezi kwa mwezi, ingiza matumizi na mapato, kisha omba ratiba ya marejesho ifuate mavuno. Lijadilini hilo kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu baada ya hapo mmeshachelewa.

Sasa kalenda ya halmashauri yenyewe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na fungu la mikopo linatokana na mapato yanayokusanywa. Katika halmashauri nyingi za vijijini ushuru wa mazao ni chanzo kikubwa, nao huingia wakati wa mavuno na mauzo. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Mbeya au Ruvuma, hiyo ni miezi ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo andiko lenu liwe tayari kabla ya Julai, lihakikiwe wakati makusanyo yanaingia, ili likipita muwe na fedha kabla ya mvua za Novemba. Ukianza kuhangaika Novemba, fedha inaweza kutoka Machi. Fedha ya mbegu ikitoka Machi kwenye eneo la mvua ya Novemba italiwa tu, hakuna namna nyingine. Ikitokea imechelewa hivyo, nendeni kwa afisa maendeleo mkaombe kwa maandishi kubadili zao au kuhamia kilimo cha kumwagilia.

Hatua ya tano: kuomba

Maombi yanaanzia kata na kujazwa kwenye mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri. Jazeni wenyewe, msimlipe mtu. Majina yenu yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), na jina la kikundi lifanane na jina la akaunti, herufi kwa herufi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi nina miaka 37, nimeacha bodaboda nataka kulima. Naambiwa nimeshavuka umri wa ujana. Ni kweli?

Jibu: Hapana mkuu, bado umo. Zamani ukomo ulikuwa miaka 35, ila katika mabadiliko ya 2024 ukomo wa vijana wa kiume kwenye mikopo ya halmashauri umesogezwa hadi 45. Ruzuku ya pembejeo haina habari na umri.

Swali: Kaka, tupo wanawake wanne. Tunataka kumuongeza dada mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi ili tufike watano, halafu yeye hatakuja shambani. Itakubalika?

Jibu: Dada yangu, msifanye hivyo. Mwenye ajira rasmi haruhusiwi, na mkibainika wakati wa uhakiki mnaanguka wote watano. Pia deni ni la kikundi kizima: mtu asiyeshika jembe hatakuwa na uchungu wa kulipa. Tafuteni wa tano anayelima. Na kwa kuwa nyote ni wanawake, ombeni kwenye fungu la wanawake, halina ukomo wa juu wa umri.

Swali: Nimehitimu kilimo, sina ardhi wala kikundi. BBT si ndiyo imetengenezwa kwa ajili yetu?

Jibu: Ndiyo, BBT (Building a Better Tomorrow), yaani Jenga Kesho Iliyo Bora, ilizinduliwa Dodoma Machi 2023 kwa wazo hilo hilo: serikali inasafisha eneo kubwa, inaweka miundombinu ya maji, na vijana wanapewa mafunzo kisha vipande vya kulima. Chinangali, Chamwino, ni moja ya mashamba hayo. Omba nafasi zikitangazwa. Ila waombaji ni wengi mno kuliko nafasi, kwa hiyo huku unasubiri kodi hata nusu ekari.

Swali: Vipi benki? Riba zao zinatisha.

Jibu: Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo wanaokopa kwenye benki nyingine. Ukifika dirishani usiseme "nataka mkopo", utapelekwa kwenye mkopo wa biashara wa kawaida. Sema unataka mkopo wa kilimo, na uliza kama tawi hilo linatumia dhamana ya TADB.

Swali: Mzee wangu ana ekari sita, mbili hazilimwi. Kunipa amekubali kwa mdomo, ila nikimwambia tuandike anaona namfukuza. Nifanyeje?

Jibu: Usimpelekee karatasi ya umiliki. Mpelekee ya matumizi: kwamba baba fulani anamruhusu mwanawe kulima ekari mbili upande fulani kwa miaka mitano, na ardhi inabaki yake. Mtangulize baba mdogo au mzee anayemheshimu akazungumze naye kwanza, wewe ukiwa haupo. Ndugu zako wawe mashahidi, ili kesho wasiseme umewanyang'anya. Kamati inataka kuona una haki ya kulima hapo kwa muda wa mkopo, na karatasi hiyo inatosha. Akigoma bado, lima hizo mbili msimu mmoja kwa akiba yako, umpelekee gunia lake nyumbani, halafu mtume tena baba mdogo.