Jinsi ya Kusahihisha Saa kwa Ishara za Wakati za Redio

Saa yoyote, hata iliyotengenezwa kwa umahiri mkubwa, hukimbia au huchelewa kidogo kidogo, na ishara za wakati zinazorushwa kwa redio hukuwezesha kuijua kasoro hiyo bila kutegemea intaneti. Tumia redio ya analojia yenye masafa mafupi. Redio za kidijitali na matangazo ya intaneti hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa sauti huchelewa njiani, wakati mwingine kwa sekunde kadhaa, ilhali msikilizaji hana namna ya kulitambua pengo hilo.

Ishara mashuhuri zaidi ni milio sita ya BBC, iliyoanza kurushwa tarehe 5 Februari 1924. Mitano ya kwanza ni mifupi na wa sita ni mrefu. Saa kamili hutimia mlio huo wa sita unapoanza, si unapokoma, na anayesubiri ukome huikosesha saa yake nusu sekunde nzima.

Vituo vinavyorusha wakati usiku na mchana ni bora zaidi. WWV ya Fort Collins, Marekani, husikika katika megahezi 2.5, 5, 10, 15 na 20 ikitangazwa kwa sauti ya mwanamume, na WWVH ya Hawaii hutumia masafa manne ya kwanza kati ya hayo kwa sauti ya mwanamke, hivyo ni rahisi kuzitofautisha zinaposikika pamoja. Kanada ina CHU katika kilohezi 3330, 7850 na 14670. Usiku anza na masafa ya chini, na mchana panda juu. Saa inayotajwa ni ya UTC, yaani wakati wa pamoja wa kimataifa, kwa hiyo ongeza au punguza tofauti ya mahali ulipo.

Sasa vuta kitufe cha pembeni mshale wa sekunde unapofika kwenye 12, ili usimame hapo, kisha elekeza mshale wa dakika kwenye dakika inayofuata. WWV huruka mdundo wa sekunde ya 59. Kimya hicho ndicho onyo lako, na mlio mrefu unaokifuata unapoanza tu, sukuma kitufe. Muda wa mawimbi kusafiri usikusumbue: hata kilomita 12,000 huchukua takriban sehemu 4 za mia za sekunde.

Naomba usiirekebishe tena kila siku. Baada ya wiki sikiliza upya, andika tofauti uliyoikuta, uigawe kwa 7, na utaujua mwendo wa saa yako. Saa inayokimbia sekunde 2 kila siku bila kubadilika ni ya kuaminika kuliko inayoyumba. Baharia anayepima nyota ili ajue alipo hulijua jambo hili vizuri, maana kosa la sekunde 4 humhamisha maili moja ya baharini akiwa kwenye ikweta.

Zipo pia saa zinazojirekebisha zenyewe kwa masafa marefu, kama ya kituo cha DCF77 cha Ujerumani, kilohezi 77.5. Iweke karibu na dirisha, mbali na televisheni na vyuma vizito, uiache usiku kucha, wakati mawimbi hayo hufika mbali zaidi. Kabla ya kuinunua, hakikisha imeundwa kwa kituo kinachofika unakoishi, la sivyo itakwenda kama saa ya kawaida ya betri.