Chui wa tingatinga kwa kipande cha hadibodi kilichobaki kwa fundi

Watu wengi wakitaka kuanza kuchora wanakimbilia kuulizia kanvasi na rangi za bei mbaya, alafu wanakata tamaa hata brashi hawajashika. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu wa tingatinga, hakuwa na hivyo vitu. Jamaa katokea Tunduru, akapita kwenye mkonge Tanga, akaja Dar akawa anafanya kazi za ndani kwa mzungu, na kwenye mwaka 1968 ndo akaanza kuchora kwa vitu vya duka la hadwea, yani hadibodi ya dari na rangi ya baiskeli. Picha zikawa zinauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora miaka minne tu hivi, 1972 akafariki, ila vijana aliowafundisha wakaendeleza mpaka leo jina lake ndo jina la mchoro wenyewe.

Sasa hadibodi, nenda kwa fundi anayepiga dari muombe vipande, vingi vinatupwa. Kata mraba, sentimita 60 kwa 60 ndo saizi ya kizamani ila ukianza chukua hata nusu yake. Utaona upande mmoja laini na mwingine una vialama kama wavu, chora kwenye laini. Piga msasa kidogo, futa vumbi.

Rangi chukua ya mafuta inayong'aa, makopo madogo matano yanatosha: nyeusi, nyeupe, njano, nyekundu, bluu. Na thina kidogo ya kupunguzia uzito wa rangi. Paka bodi nzima rangi moja ya nyuma alafu iache, na hapa ndo wengi tunaharibu. Mimi chui wangu wa kwanza nilimpaka jioni, asubuhi nikagusa kwa kidole nikaona pakavu, nikaanza kuweka madoa, kumbe juu imeshika ngozi tu chini bado mbichi, brashi ikachubua mpaka chini na chui akawa kama ana upele. Subiri siku nzima, kama kuna mvua subiri siku mbili. Na bodi iegemeze uso ukiangalia ukuta, vumbi lisiinase.

Ikikauka chora umbo kwa chaki, mgongo mrefu, mkia upinde uingie kwenye kona, jaza bodi usiache mnyama mdogo katikati kama kapotea. Jaza njano. Usihangaike kutafuta kivuli wala kuchanganya rangi juu ya bodi, hii rangi haikubali hayo mambo, na kwa maoni yangu ndo maana tingatinga imekaa vile ilivyokaa, rangi bapa na mistari iliyo wazi, rangi yenyewe ndo iliamua.

Subiri tena. Madoa sasa: duara jeusi kwanza, alafu likikauka nukta ya njano ndani kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, unachovya kwenye kifuniko cha kopo, unagusa unanyanyua, usiburuze. Kila nukta tatu chovya upya, la sivyo zinapungua zinapungua mpaka mkiani chui anaonekana kachakaa. Masharubu fanya mwisho kabisa kwa brashi uliyoipunguza nywele kwa wembe zikabaki chache.

Brashi osha kwa mafuta ya taa usiku huohuo, ukilala nayo asubuhi ni msumari.