Kurudisha mikoko kando ya hori ya Tudor kwa fedha za umma
Kabla ya kuomba hata shilingi moja, mwenye shamba linalopakana na hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioko Mombasa, amwite mpimaji amwoneshe mipaka, kwa kuwa mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 na hatimiliki ya shamba haifiki hadi majini. Ombi la fedha za tabianchi za kaunti lipelekwe kwenye wadi, yaani ngazi ya chini ya kaunti, pamoja na majirani, si kwa jina la mtu mmoja.

Upandaji ndio huharibiwa na haraka. Zibueni kwanza mifereji ili maji yajae na kupwa, kisha aina mbili za mikoko zipandwe kila moja mahali pake: mlilana uelekee baharini, mchu ubaki karibu na nchi kavu. Matundu mapya ya kaa yapigwe picha. Ni ushahidi bora kwamba mikoko inarudi kuliko hesabu ya miche.