Kufundisha mawimbi ya sumakuumeme kwa laptopu na boti, navyofanya mimi huku Kigoma

Walimu wenzangu wa injinia, zile ikwesheni za Maxwell, za umeme na sumaku, msianze nazo ubaoni, watakopi vizuri halafu watasinzia. Mimi wanafunzi wakija fildi huku naanza na swali la wavuvi wa Kibirizi, hapa hapa ufukweni Kigoma: mbona ziwani mtandao unakata mapema na hakuna nyumba wala mti wa kuzuia?

Kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari kabla hajagusa laptopu, hapa msiparuke, mana wakishaona grafu wote watasema walijua.

Halafu fungueni Octave, programu ya hesabu na grafu, ni ya bure na ukishaiweka haili bando. Waanze na hesabu rahisi, wimbi linapita hewani tu, 900 MHz, kilomita 1 mpaka 8. Watapata umbali ukiongezeka mara mbili signo inashuka desibeli 6, yaani nguvu inabaki robo. Wataridhika, waacheni tu.

Sasa kodini boti, asubuhi upepo haujaamka, na jaketi la kuokolea kila mtu avae hiyo haina mjadala. Simu iwe kwenye 2G, kila kituo, kilomita 1, 2, 4, 8 kutoka mnarani, wasome dBm, yaani nguvu ya signo, kwenye mipangilio ya simu, wasome mara kumi wachukue wastani mana boti inayumba, na waangalie simu isihamie mnara mwingine, ukisogea sana unaweza ukakaribishwa Kongo bure.

Namba zitaanguka kuliko grafu. Hapo ndo kwenye utamu. Warudi waongeze wimbi la pili, lile linalogonga maji. Likipapasa maji kwa pembe ndogo linageuka fezi, yaani kilele kinakuwa bonde, linamfikia mwenzake likiwa kinyume, yanauana, kwaiyo sasa ni kama desibeli 12 kila umbali ukiongezeka mara mbili. Tuseme mnara uko ufukweni una mita 25 na simu iko mita 1 juu ya maji, hali hiyo inaanza kwenye mita 300 hivi tu! Wabadilishe mnara uwe mita 100, signo ya mbali inapanda desibeli 12, wenyewe wataanza kuitazama minara ya mlimani kwa jicho lingine.

Maxwell aingie sasa, wakiuliza kwa nini fezi inageuka, wapeni masharti ya mpakani, yaani ikwesheni zake zinataka nini pale hewa inapokutana na maji.

Maksi nyingi nampa anayeeleza grafu ya kwanza ilikosea wapi. Kuna mmoja alinibishia simu yake mbovu, nikampa ya kwangu, tukarudi naye ziwani.