Kupasha joto banda la chatu ulilojenga mwenyewe, bila kumuunguza nyoka wala nyumba

Wadau wa Mwanza na kanda ya ziwa, hii ni kwa wenye kibali cha kufuga chatu, au wale wanaotunza chatu wa kikundi cha ngoma, banda wamelipiga wenyewe kwa plaiwudi na sasa wanataka kuliwekea joto. Kama kibali huna anzia TAWA, yani mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, chatu ni mnyamapori na sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009 hairuhusu umkamate shambani umweke chumbani kwa kujiamulia. Na naongelea chatu peke yake, swila na kifutu sio wa kukaa nao nyumba moja na watoto, basi.

Nitakachokirudia sana humu ni hiki: temostati, yani kifaa kinachowasha na kuzima hita chenyewe kulingana na joto, inanunuliwa kabla ya balbu ya joto. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapata balbu wanafunga wanawasha, wanasema temostati nitatafuta mwisho wa mwezi, na katikati hapo ndo nyoka anaungua. Hela ikitosha kitu kimoja tu, nunua temostati na themometa, balbu isubiri.

Najua kuna atakayesema Mwanza joto bwana, hita ya nini. Mchana ni kweli. Lakini tuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ule upepo wa ziwa ukianza, alfajiri inashuka hadi digrii 16 au 17. Chatu hana uwezo wa kujipasha kama sisi, anachukua joto la pale alipolala. Anataka upande mmoja wa banda uwe digrii 31 hadi 33, upande wa pili 26 au 27, na usiku isishuke chini ya 24. Akiwa amekula alafu akapigwa na baridi ya 17 tumbo linasimama, kile alichomeza kinaoza ndani na anakitapika, na baridi ikiendelea anapata mafua ya mapafu, utamsikia anapumua kwa mluzi, mdomo wazi, mapovu puani. Na mwezi wa 6 ndo wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma kule Bujora, chatu wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, wanakuwa uwanjani, kwa iyo anayerudi amechoka usiku anahitaji kukuta banda lenye joto kuliko wakati mwingine wote.

Sasa upande wa pili ambao watu wanausahau. Nyumba zetu nyingi ni bati bila siling bodi, na kama uko Mabatini au Igogo kwenye mawe, yale mawe yanakunywa jua kutwa na kulitema jioni. Mwezi wa 9 na wa 10 saa 8 mchana chumba kinaweza kupita digrii 35 chenyewe bila hita yoyote, na hiyo kwa chatu aliyefungiwa kwenye boksi ni hatari kubwa kuliko baridi, baridi inamdhoofisha polepole ila joto linamuua siku hiyo hiyo. Kwa iyo kabla hujakata hata ubao mmoja weka themometa pale banda litakapokaa, andika saa 11 alfajiri na saa 8 mchana kwa siku kadhaa. Kama mchana inapita 32 badilisha chumba au weka siling kwanza, maana hita inaongeza joto, haiwezi kulipunguza.

Banda lenyewe nitapita haraka. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinne vya kama sentimita 122 kwa 61, yani chini, juu, nyuma, na kile cha nne unakikata katikati kinakuwa pande mbili za mwisho, hakibaki kitu. Hilo linamtosha chatu mdogo, akikua utajenga jingine kubwa zaidi maana hawa wanapita mita 4. Mbele weka vioo viwili vya kuteleza kwenye reli za alumini, mafundi wa shokesi za dukani wanazo. Matundu ya hewa yawe chini upande wa baridi na juu upande wa moto ili hewa itembee. Vanishi na silikoni viache vikauke mpaka harufu iishe kabisa ndo uwashe joto, usiwahi, ule mvuke ukipashwa ndani ya boksi lililofungwa unamdhuru.

Chanzo cha joto. Kwa banda la mbao chagua balbu ya seramiki, ile isiyotoa mwanga, ya wati 60 hadi 100, ifungwe juu kwenye dari la banda upande mmoja, sio katikati, ili nyoka awe na pa kukimbilia. Ukifunga katikati banda zima linakuwa joto moja na hana uchaguzi. Uso wa hii balbu unapita digrii 200, sikutishi ndivyo ilivyo, kwa iyo holda lazima iwe ya kauri, ya plastiki inayeyuka na kudondoka na balbu yake. Waya wa karibu na holda tumia ule wa pasi wenye kitambaa, sio ule mwembamba mweupe wa taa. Kati ya holda na mbao weka kipande cha bati kikae mbali kidogo na ubao, hewa ipite nyuma yake. Alafu zungushia balbu yote kizimba cha wavu wa chuma wenye matundu ya kidole hakipiti, kikae mbali na balbu kiasi kwamba wavu wenyewe usiwe wa kuunguza, maana chatu atapanda tu, atajizungusha pale penye joto, na ngozi ya tumbo yake haimwambii haraka kwamba anaungua. Atalala pale hadi nyama iive. Ndo maana hata yale mawe ya umeme ya kulalia nyoka nasema hapana kabisa.

Mkeka wa joto ni mzuri kwa tanki la kioo, unakaa chini kwa nje na usizidi theluthi ya sakafu. Kwa mbao usiuweke chini, plaiwudi haipitishi joto vizuri, linajikusanya kati ya mkeka na ubao na hapo ndo moto unaanzia. Na jiko la mkaa msiliweke chumba alicho nyoka eti kwa usiku mmoja tu, ile hewa yake isiyo na harufu inaua yeye na nyie mliolala.

Tuje kwenye temostati sasa. Huku kwetu rahisi kuipata ni kwa wanaotengeneza mashine za kuangulia vifaranga, wanatumia temostati za kidijitali kama XH-W3001, ya volti 220, yenye sensa, kile kidude cha kupima joto, kwenye waya wake. Waambie ni ya volti 220 maana zipo za 12 zinafanana sura. Hii ina namba mbili, ya kuwasha na ya kuzima. Kwenye kupasha joto namba ya kuwasha inakuwa ndogo, weka 31 kuwasha na 32 kuzima. Ukizigeuza inadhani unataka kupoza na itawasha hita banda likiwa la moto, hilo lihakiki kwa macho yako, shika sensa kiganjani ipate joto uone inakata.

Sensa ndo jicho la mfumo wote. Ifunge upande wa moto, usawa wa mgongo wa nyoka akiwa amelala, sio juu karibu na balbu na sio kwenye kona ya baridi, na uikaze kwa klipu na skrubu kwa sababu chatu akiivuta ikaangukia kwenye beseni la maji itasoma 24 milele na balbu haitazima. Usitumie selotepu ndani ya banda, inaganda kwenye magamba na kuyachuna.

Na hata temostati nzuri relei yake, yani swichi ya ndani, inaweza kuganda ikiwa imewaka. Kwa hiyo nashauri mbili, waya wa umeme upite ya kwanza kisha ya pili ndo ufike kwenye balbu, na ya pili uiseti izime kwenye 35. Ya kwanza ikigoma ya pili inakata. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mnyama au nyumba. Kinga nyingine ni kutoweka wati nyingi, balbu ndogo inayojikongoja kufika 32 usiku wa baridi haina nguvu ya kupika banda hata ikigoma kuzima.

Kwenye plagi ile ya miguu mitatu kuna fyuzi, mara nyingi ya 13A, toa weka ya 3A. Balbu ya wati 100 inavuta chini ya nusu ampea, fyuzi ya 13 itaacha waya uungue kabla haijakatika. Waya uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla haujapanda, maji yakichuruzika yadondoke chini yasiingie kwenye soketi. Usiunganishe kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Na kama kufunga waya sio kazi yako muite fundi umeme, simama naye, mwambie kabisa kwamba hii itawaka usiku watu wamelala.

Ikishakuwa tayari nyoka haingii. Washa banda tupu siku mbili, mchana na usiku, themometa moja upande wa moto na nyingine upande wa baridi, usiamini namba ya temostati peke yake. Gusa mbao juu ya balbu, gusa plagi, nusa. Plagi ikiwa ya moto au ukisikia harufu yoyote ya kuungua zima urudie. Akishaingia mwangalie yeye mwenyewe, akiganda upande wa moto kutwa kucha pengine banda ni baridi, akikaa ndani ya maji muda wote au anasukuma kioo upande wa baridi limezidi.

Gharama sio ya kutisha, balbu ya wati 80 ikiwaka nusu ya siku ni chini kidogo ya uniti moja ya LUKU, ila hakikisha uniti haziishi saa 8 usiku. Umeme ukikatika funika banda kwa blanketi bila kuziba matundu yote, jaza chupa maji ya moto ya kuvumilika mkononi, ifunge taulo, iweke upande wake wa joto, badilisha ikipoa. Kabla umeme haujarudi toa blanketi juu ya banda, lisije likakuta balbu imewaka. Kama alikula siku hizo mcheki asubuhi, akiwa ametapika usimlishe tena kwa wiki mbili, mpe maji tu na usimshikeshike, na joto likae sawa kwanza ndo umjaribu na kitoweo kidogo kuliko kile alichozoea.