Kuweka Reli, Kamba na Bendera kwenye Modeli ya Meli

Mwongozo huu ni kwa yule ambaye chombo chake kimeshapakwa rangi na milingoti imesimama. Mfano nitakaoutumia ni modeli ya MV Kalangala, kivuko cha kati ya Nakiwogo, Entebbe, na Lutoboka katika visiwa vya Ssese, ambayo nilimsaidia jirani kuimalizia kwa kipimo cha 1:100.

Hatua ya 1: Reli

Reli yenye kimo cha mita moja huwa milimita 10. Chukua nyuzi nyembamba za shaba zilizomo ndani ya waya wa umeme, uzinyooshe kwa kuzibiringisha kati ya vibao viwili, kisha uzipange juu ya mchoro uliofunikwa kwa nailoni na kuziunganisha kwa vitone vya supaglu. Zipake rangi kabla ya kuzisimamisha. Zile za ukingoni, ambazo mkono utazigonga, zisubiri hadi kamba zikamilike.

Hatua ya 2: Kamba

Kamba ya milimita 20 huwa milimita 0.2, na kwa unene huo mimi situmii kitu kingine ila uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hunywa unyevu, nao unyevu wa kando ya ziwa si haba. Mshipi wa kuvulia samaki nao hung'aa kupita kiasi. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki, kisha uuvute kati ya vidole vyenye joto mpaka manyoya yake yalale.

Anza na kamba za katikati, zinazoelekea omo (mbele) na tezi (nyuma), ndipo ufunge za ubavuni mbili mbili, kulia na kushoto. Usikaze sana, kwa sababu kila kamba inayokazwa huuvuta mlingoti na kuilegeza iliyotangulia. Fundo lishikwe na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, ambayo unaweza kuilainisha tena ukitaka kurekebisha; supaglu huufanya uzi kuwa mkavu ukakatika, na huacha ukungu mweupe kwenye rangi.

Hatua ya 3: Bendera

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Bendera ya Uganda, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 9 Oktoba 1962, ina mistari sita, nyeusi, manjano na nyekundu, ikirudiwa mara mbili kuanzia juu, na katikati yake duara jeupe lenye korongo anayeutazama mlingoti. Bendera ya sentimita 90 kwa 135 itakuwa milimita 9 kwa 13.5, hivyo kila mstari ni milimita 1.5.

Kwa kuwa karatasi itakunjwa kuzunguka uzi, unahitaji picha mbili zilizoungana upande wa mlingoti, ya pili ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Ukinakili tu picha ileile mara mbili, upande mmoja korongo ataupa mlingoti kisogo, na hata kwa udogo huo kosa huonekana. Kabla ya kukunja, hakikisha korongo wote wawili wanatazamana. Acha milimita moja katikati kwa ajili ya unene wa uzi.

Omba machapisho ya leza, ambayo wachapaji wa Barabara ya Nasser, Kampala, wanayatoa kwa urahisi, kwa sababu wino wa majimaji huchuruzika ukikutana na gundi. Karatasi nyembamba ni bora zaidi. Ibandike juu ya karatasi ya kawaida ili mashine isiimeze. Paka gundi kidogo, kunja, kisha, ikiwa bado na unyevunyevu, iviringishe kimshazari kwenye kijiti cha meno, mikunjo ikianzia kona ya juu ya upande wa mlingoti, kama kitambaa kinavyoning'inia. Kingo zikibaki nyeupe, zipake rangi ya mstari husika.

Ifunge bendera kwenye mlingoti mdogo wa tezi, ipeperuke kuelekea nyuma ikiwa chombo kinaonyeshwa safarini, na ncha za uzi zikate kwa kikata kucha baada ya gundi kukauka kabisa.